Mshauri wa Garini na Matawi ya Msiba

Dada yangu Kunigunda alifariki Mbinga, nyumbani kwa mwanawe Augustino, akiwa ameacha maagizo mawili. La kwanza, azikwe Mbamba Bay kando ya kaburi la mumewe, kwa kuwa aliolewa ziwani na huko ndiko walikokuwa watu wake. La pili, apelekwe na Loveth. Agizo la kwanza halikuwa na mpinzani. La pili lilizua maneno hata kabla jeneza halijafika kutoka kwa fundi.

Loveth ni mjukuu wangu. Alisomea ufundi wa magari chuoni, akafaulu, akapata leseni ya kuendesha magari ya abiria, na sasa anaendesha basi dogo la Bwana Mansuetus kati ya Mbinga na Mbamba Bay, na siku nyingine hadi Songea. Katika stendi ya Mbinga hakuna mwanamke mwingine anayeshika usukani wa basi. Nayasema haya bila majivuno. Anayetaka kuhakikisha na aende stendi akaone. Alipokuwa chuoni alilelewa na Kunigunda, akala chakula chake na kukemewa naye, kwa hiyo agizo la marehemu lilikuwa na sababu.

Kilicholeta maneno hasa hakikuwa uanamke wake. Kilikuwa kile kifaa.

Mradi mmoja wa usalama barabarani ulikuwa umegawa vifaa kwa mabasi machache ili vijaribiwe. Ni kisanduku kinachobandikwa chini ya kioo cha mbele, chenye kioo chake kidogo cha ukubwa wa kiganja, na sauti ya mwanamke. Kinapima nafasi iliyopo kati ya gari lako na lililo mbele yako, kinazijua kona na miteremko kabla hujafika, na kinapashana habari na magari mengine yenye kifaa kama hicho. Kisha kinamwambia dereva apunguze mwendo, aongeze nafasi, au abadili gia mapema. Madereva wanakiita mshauri, na wengi wao wanakitaja kwa dharau.

Loveth hakukidharau, lakini hakunificha udhaifu wa kifaa hicho. "Babu," aliniambia siku moja, "akiniambia niache nafasi mbele, naiacha. Anatokea mtu nyuma yangu anaijaza. Naacha nyingine, nayo inajazwa. Mwisho wa safari nimepitwa na stendi nzima."

"Basi ushauri wake una faida gani?"

"Tukiwa wengi una faida. Siku moja tuliingia Songea mabasi yote yenye mshauri yakiwa yamefuatana. Foleni ilikuwa ndefu, lakini hatukusimama hata mara moja. Tulisogea taratibu kama maji ya mfereji, na waliokuwa nyuma yetu wakasogea vilevile. Nikiwa peke yangu, napigiwa honi na kutukanwa tu."

Nilimwuliza swali ambalo mwalimu yeyote angeliuliza. "Huyo mshauri akikosea, watu wakaumia, nani atasimama mbele ya hakimu?"

"Mimi, Babu. Ndiyo maana yeye ni mshauri, si dereva."

Jibu hilo lilinipendeza, ingawa sikumwambia.

Mwenye gari, Bwana Mansuetus, hakuwa na subira kama yangu. Basi lake lilikuwa linafika la mwisho, na linalofika la mwisho ndilo linalopakia la mwisho. Asubuhi ya mazishi alinijia uani kwa Augustino, akaniamkia kwa adabu, kisha akasema mbele ya watu:

"Mwalimu, leo usukani nampa Loveth kwa heshima ya marehemu na kwa heshima yako. Lakini padre anatusubiri Mbamba Bay saa nane. Mwili ukichelewa kwa sababu ya hicho kisemaji, kesho gari nampa dereva Kilian, na kisemaji nakirudisha kwa wenyewe."

"Umesikika," nilimjibu.

Loveth naye alisikia. Alikuwa amepiga goti kando ya gurudumu, akikagua upepo, na hakuinua uso.

Vijana wa mtaa walilipamba basi kama desturi yetu inavyotaka. Gari linalobeba mwili hufungwa matawi mabichi mbele na nyuma, ili kila anayekutana nalo barabarani alitambue kwa mbali. Walifunga matawi kwenye vioo vya pembeni na mbele ya boneti. Nyuma walifunga mengi zaidi, wakayazungushia mashada ya maua na shuka jeupe. Nilizunguka gari lote nikaona kazi imefanywa kwa heshima, nikawapongeza.

Jeneza liliwekwa kati ya viti, akina mama wakaketi pande zote mbili wakiimba. Mimi nilikaa mbele, kushoto kwa Loveth. Nyuma yangu alikaa Tadea, mtani wetu, ambaye kwa haki ya utani huruhusiwa kusema msibani yale ambayo mwingine akiyasema atatozwa faini. Nyuma ya basi lilifuata gari dogo la Mansuetus, yeye mwenyewe akiendesha na Augustino kando yake. Nyuma yao yalifuata magari mengine ya ndugu na jumuiya.

Hatujaiacha Mbinga vizuri mshauri alipoanza kazi. "Punguza mwendo. Kona mbele."

"Huyo anayetoa amri bila kuamkia watu ni mtoto wa nani?" Tadea aliuliza.

"Ni wa mradi, Bibi," Loveth alijibu.

"Mwambieni garini mna wazee. Tena mna marehemu. Kunigunda, unasikia? Maisha yako yote ulikuwa na haraka, hata ugali ulikuwa unaupakua mbichi. Leo unabebwa kama yai!"

Akina mama walicheka, kisha wakaendelea na wimbo wao.

Safari ile ilinionyesha jambo ambalo Loveth hakuwahi kuliona akiwa na abiria. Kwetu, gari lililobeba mwili halipitwi. Dereva anayelipita anajitafutia laana, na hata asiyeamini laana anaogopa macho ya watu. Kwa hiyo, siku ile hakuna aliyeijaza nafasi aliyoiacha Loveth mbele yake. Mabasi yaliyotukuta njiani yalijipanga nyuma ya ndugu na kutulia. Malori nayo yalijipanga. Loveth alipopunguza mwendo, barabara nzima ilipunguza, alipoongeza, iliongeza. Ushauri uliokuwa unapuuzwa kila siku sasa ulifuatwa na watu ambao hawakujua hata kama upo. Nilitazama kwenye kioo cha pembeni, katika upenyo wa majani, nikaona msururu mrefu ukipinda vilimani bila honi na bila purukushani. Niliridhika, kama mwalimu anavyoridhika na mstari ulionyooka.

Mmoja tu ndiye hakutulia. Mansuetus alikuwa ametusogelea mno. Kwa kiasi fulani alikuwa anatimiza desturi, kwa sababu ndugu hawaruhusu gari la mgeni kuingia kati yao na mwili. Lakini kwa kiasi kingine alikuwa anatusukuma.

Tulipofika Tingi tulisimama ili akina mama wanyooshe miguu. Mansuetus alishuka akiwa amekasirika.

"Mwalimu, pale darajani nusura niwagonge! Mjukuu wako anakanyaga breki bila taarifa."

"Nilikanyaga taratibu, Bwana Mansuetus," Loveth alisema. "Tena mapema."

"Taa sikuziona!"

"Ungekaa mbali kidogo ungeziona."

"Unanifundisha gari langu?"

Augustino aliingilia kati, macho yake mekundu kwa kulia. "Mjomba, padre anasubiri na kaburi liko wazi. Mama anakokotwa kama gunia. Kilian yupo pale nyuma, ameizoea njia hii tangu ikiwa ya vumbi. Kwa nini asishike yeye usukani, tukateremka kama watu?"

Watu walinigeukia, kwa sababu nilikuwa mkubwa wa ukoo na neno la mwisho lilikuwa langu. Nilimtazama Loveth. Alikuwa ameshika funguo kwa mikono miwili, kama mtoto aliyeshika kikombe cha mtu. Nilijua kwamba akishuka hapo Tingi mbele ya madereva wote wale, hatapanda tena.

"Marehemu alimtaja Loveth," nilisema. "Hakumtaja Kilian. Twendeni."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda nyuma ya basi kutazama kwa nini Mansuetus hakuziona taa. Tulichukulia kuwa ni maneno ya hasira.

Baada ya Tingi, barabara inaanza kuteremka kuelekea ziwani. Ni lami nzuri, lakini kona zake zinabana, na upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni bonde. Mvua nyepesi ilikuwa imenyesha. Mshauri alisema, "Tumia gia ya pili. Usitegemee breki." Loveth alikuwa ameshaiingiza. Basi liliteremka likinguruma, na msururu wote ukateremka nalo.

Katikati ya mteremko tuliona matawi barabarani. Lilianza moja, kisha mengine mawili, kisha kadhaa yaliyolala upande wetu wa njia kabla ya kona.

Msafiri yeyote wa nchi hii anajua maana ya matawi barabarani: mbele kuna gari limeharibika. Lakini barabara ile inapitiwa na misiba pia, na matawi ya misiba huanguka. Alhamisi iliyopita msafara mwingine ulikuwa umeteremka njia hiyohiyo kwenda kuzika. Niliuona mwenyewe ukipita Mbinga.

Loveth alianza kupunguza mwendo.

"Usijisumbue," nilimwambia. "Hayo ni ya msiba wa Alhamisi. Yamedondoka."

"Barabara ni wazi," mshauri naye alisema. "Endelea na mwendo huu."

"Umesikia? Hata mwenzako amekubali. Twende, padre anangoja."

Loveth hakuongeza mwendo. "Babu, huyu anayajua magari yenye mshauri tu. Gari lisilo na mshauri likisimama nyuma ya kona, kwake halijazaliwa."

"Nimekwambia ni ya Alhamisi."

"Wewe unasema wazi, yeye anasema wazi, matawi yanasema simama. Mimi namsikiliza anayesema simama. Samahani Babu, kwa hili sitakutii."

Tangu nipate wajukuu, hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Ulimi wangu ulikuwa tayari kumjibu. Wakati huohuo honi ilipigwa nyuma yetu, kali na ya karibu sana, na nilipotazama kioo cha pembeni nilimwona Mansuetus ametufikia hadi matairi yake ya mbele yamefichwa na shuka letu jeupe. Hapo ndipo maneno yake ya Tingi yaliponirudia: taa sikuziona. Niliyakumbuka mashada, nililikumbuka lile shuka, nikayakumbuka matawi niliyowapongezea vijana. Tulikuwa tumezifunika taa za breki. Loveth angepunguza mwendo vizuri kiasi gani, aliyekuwa nyuma asingejua mpaka atugonge. Na nyuma yake kulikuwa na magari ya ndugu, na malori yenye breki za moto.

Katika shule zetu za zamani tulifundishwa alama za mikono za barabarani, nami nikazifundisha kwa miaka mingi, hata wakati ambapo walimu vijana walinicheka kwamba siku hizi magari yana taa. Niliteremsha kioo, nikautoa mkono wangu wote nje, kiganja kikitazama chini, nikaupandisha na kuushusha polepole. Maana yake ni: napunguza mwendo. Nilirudia bila kuacha.

"Mwalimu anawapungia samaki?" Tadea aliuliza. Alipouona uso wangu, naye alitoa mkono wake kwenye dirisha lake, akafanya kama mimi. Akina mama waliokuwa upande wetu wakafuata. Wimbo ukakatika.

Mansuetus aliona. Gari lake lilibaki nyuma kidogo, kisha zaidi. Loveth alishusha hadi gia ya kwanza, basi likawa linatembea mwendo wa mtu. Hivyo ndivyo tulivyoizunguka kona.

Lori lililobeba saruji lilikuwa limekatika ekseli, limelala mshazari, na sehemu yake ya nyuma imeziba upande wetu wote na kipande cha upande wa pili. Halikuwa na kiakisi, ile pembetatu ya tahadhari inayowekwa barabarani mbali nyuma ya gari. Loveth alisimamisha basi kwa upole kiasi kwamba jeneza halikusogea.

"Simama," mshauri akasema. "Kizuizi mbele."

"Ahaa! Sasa ndiyo umeamka?" Tadea alimjibu. "Shikamoo!"

Hakuna aliyecheka. Nyuma yetu magari yalisimama moja baada ya jingine, kwa utulivu, kila moja likiwa limeshapunguza mwendo kwa kuwa la mbele yake lilipunguza. Tulisikia breki za malori zikipumua juu mlimani, basi.

Utingo wa lori, mtu mzima aitwaye Florian, alitujia akiwa amevua kofia. "Poleni na msiba, wazee. Matawi nimeyatandaza tangu asubuhi. Wengine wameyakanyaga wakapita mbio, nusura watuue. Nikiwauliza, wanasema walidhani ni ya msiba."

Loveth hakunitazama, na kwa hilo alinihifadhia heshima yangu.

Mansuetus alishuka. Hakuja mbele kwetu. Alikwenda nyuma ya basi. Kisha akaita, "Loveth! Kanyaga breki."

Loveth alikanyaga.

"Achia. Kanyaga tena."

Mansuetus aliinua shuka, akayasukuma matawi pembeni, na taa nyekundu ikamwakia usoni. Alifungua kamba mwenyewe, akaondoa matawi yote yaliyofunika taa, akayabeba kifuani hadi pembeni ya barabara. Augustino alimsaidia.

Vijana wetu walisimama pande zote mbili za kona kuongoza magari, nasi tukapita kwenye upenyo uliobaki. Tulifika Mbamba Bay tumechelewa. Padre alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kanisa, hakulalamika. Tulimzika Kunigunda kando ya mumewe, mahali ambapo upepo wa ziwa unafika.

Jioni, baada ya watu kula, Mansuetus na Augustino walibishana.

"Umesikia habari za kisemaji?" Mansuetus alisema. "Tadea ameniambia. Kilisema barabara ni wazi! Mimi nawaambia kila siku kwamba kile kitu ni kipofu."

"Ni kipofu, ndiyo," Augustino alijibu. "Lakini nani aliyetuteremsha tumeachiana nafasi hadi pale? Tungekuwa tumebanana mkia kwa mdomo kama ulivyotaka wewe, na kama nilivyotaka mimi, leo tungechimba makaburi mangapi?"

"Mwalimu, sema wewe."

"Mimi nilisema palepale mteremkoni, nikakosea," nilijibu. "Mwulizeni dereva."

Loveth alikuwa anaosha sahani pamoja na wenzake. Alisema bila kuacha kazi: "Kama lori lile lingekuwa na mshauri, wetu angejua. Kama lingekuwa na kiakisi, tungejua sote. Mimi nitaendelea kumsikiliza, lakini macho yangu siwezi kumpa."

Mansuetus aliguna na kwenda kulala. Hakusema gari atampa nani tukisharudi Mbinga, na Loveth hakuuliza. Lakini niliona anaisugua sahani moja kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

Asubuhi tulianza kupanda. Lori lilikuwa limeshavutwa. Matawi yalikuwa bado yamelala barabarani, yale ya Florian pamoja na yetu tuliyoyaacha pembeni, ambayo upepo ulikuwa umeyarudisha kwenye lami. Nilimwamuru Loveth asimame mahali panapoonekana, na mara hii alinitii mara moja.

"Shukeni wote," nilisema. "Tawi linalosema uongo ni baya kuliko kukosa tawi. Wakizoea kuyakanyaga haya, watayakanyaga na ya kweli."

Tuliokota matawi yote, tukayatupa bondeni. Wazee waliokota, akina mama waliokota, na Tadea aliokota huku akimshutumu Kunigunda kwamba hata baada ya kuzikwa bado anawapa watu kazi. Mansuetus alisimamisha gari lake nyuma yetu, akashuka na kuokota pia.

Tulipoingia tena kwenye basi, mshauri akasema, "Ongeza mwendo taratibu. Barabara ni wazi." Loveth alitazama mbele, kisha kwenye vioo, ndipo akaondoka.

Sasa hatukuwa na mwili, na hakuna desturi iliyomzuia mtu kutupita. Mabasi mawili yalitupita yakiunguruma. Gari la Mansuetus lina nguvu kuliko basi. Lingeweza kutupita pale penye mlima kwa urahisi. Tadea alitoa kichwa dirishani.

"Mansuetus! Pita basi, sisi hatuna maiti!"

Hakupita. Alibaki nyuma yetu, akiacha nafasi ambayo lori zima lingeweza kuingia, hadi Tingi, na kutoka Tingi hadi Mbinga. Pale stendi aliteremsha kioo chake mbele ya madereva wote, Kilian akiwamo.

"Loveth," alisema, "kesho uwahi. Zamu ya kwanza ni yako."